Kanuni Ndogo za Kazini na Hesabu ya Kuondoka

Nyuma ya duka kubwa la mjini, pale wafanyakazi wanapobadilishia sare, si ajabu kukuta karatasi imebandikwa ukutani kwa solotepu. Kuchelewa dakika kumi, elfu tano. Kushika simu ukiwa kaunta, elfu kumi. Kukaa bila ruhusa, barua ya onyo. Kwenda chooni bila kumuaga supavaiza, barua ya onyo. Shoti ya pesa ikitokea, analipa aliyekuwa zamu. Chini hakuna saini wala tarehe, na hakuna anayekumbuka ni nani aliyeiandika. Binti anayelipwa laki mbili anafika mwisho wa mwezi anakuta laki na arobaini. Anauliza mara moja, anajibiwa kwamba kama hataki, wenzake wanaotaka wamejaa getini. Mwezi unaofuata anachukua mshahara wake na harudi tena. Simu haipatikani. Sare inaletwa na mdogo wake.

Bosi atasema vijana wa siku hizi hawataki kazi. Wenzake watasema alichoka kunyanyaswa. Kuna jambo moja ambalo maelezo yote mawili hayaligusi: sheria ya ajira ilikuwa upande wa binti huyo tangu siku ya makato ya kwanza, na nguvu yake ikayeyuka siku alipoondoka bila kuacha hata mstari mmoja wa malalamiko. Mikasa ya aina hii inajirudia Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na kila mara hesabu yake inamwangukia yule yule.

Kanuni za kazini si za aina moja. Kofia ngumu kwenye jengo linalojengwa, wavu wa nywele jikoni, marufuku ya sigara kwenye kituo cha mafuta: hizo zinaweza kukera, lakini kila mtu anajua zikivunjwa nani ataumia. Zipo pia za biashara, kama saa ya kufungua duka au sare inayomwezesha mteja kumtambua mhudumu. Ubishi uko kwenye kundi la tatu, la kanuni ambazo zikifutwa leo hakuna atakayeumia na hakuna mteja atakayegundua. Keshia anasimama zamu nzima na kiti kipo nyuma yake. Karani anasaini daftari la mahudhurio asubuhi, kisha anabonyeza kidole kwenye mashine, kisha anatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kwamba amefika.

Kundi hilo halina taifa. Desemba 2015 jijini London, mhudumu wa mapokezi aitwaye Nicola Thorp alirudishwa nyumbani bila malipo siku yake ya kwanza kwa sababu alivaa viatu bapa, ilhali wakala aliyempeleka kazini alitaka wanawake wavae visigino. Mwaka uliofuata alianzisha ombi la kutaka sheria ibadilishwe, likasainiwa na watu zaidi ya 150,000, na Machi 2017 likajadiliwa bungeni. Mwaka 2019 Yumi Ishikawa, mwigizaji na mwandishi wa Japani, aliwasilisha serikalini ombi kama hilo, na waziri wa kazi wa nchi hiyo akajibu kwamba katika baadhi ya kazi visigino vinahitajika na vinafaa. Hata watunga sheria hawajanusurika. Juni 2021 Spika wa Bunge la Tanzania, Job Ndugai, alimtoa nje mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, kwa sababu ya suruali yake. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda ukumbini. Tofauti ni kwamba mbunge akitolewa nje anazungumza na waandishi wa habari kabla hajafika kwenye gari. Keshia hana pa kusemea.

Kukosa pa kusemea kuna historia ndefu katika ukanda huu, na historia hiyo inahusu kuondoka kuliko kuingia. Kenya ya wakoloni ilipitisha sheria ya usajili wa wenyeji mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuachiwa. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mtu hakuweza kuhama shamba moja kwenda lingine kama mzungu mwenye shamba la kwanza hajasaini kwamba amemruhusu. Kuondoka bila saini hiyo kulikuwa kosa la jinai, na alama za vidole zilimwezesha polisi kumfuata mtoro hadi alikokimbilia. Kipande kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya mwanaharakati Harry Thuku akusanye watu Nairobi hadi akakamatwa Machi 1922.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30. Manamba, yaani kibarua wa mashamba hayo, alilipwa baada ya kukamilisha siku zote 30, na siku iliyohesabiwa ni ile ambayo mnyapara aliridhika kwamba kazi aliyopimiwa imekwisha. Mnyapara akisema matita ya mkonge hayajatimia, siku imepotea. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mikataba miwili, wa 1939 na wa 1955, ya kufuta adhabu za jinai kwa wafanyakazi wa makoloni waliovunja mikataba ya kazi, jambo linaloonyesha jinsi desturi hiyo ilivyokuwa imeenea.

Kwa baadhi ya Waafrika Mashariki, mambo hayo hayajawa ya vitabuni. Chini ya mfumo wa kafala katika nchi za Ghuba, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Mombasa, Tanga au Kampala ana kibali cha kuishi kilichofungwa kwa mwajiri wake. Akitoka nyumba ile bila ridhaa, anaweza kutangazwa mtoro. Oman ilifuta sharti la cheti cha kutokuwa na pingamizi kuanzia Januari 2021 kwa mgeni aliyemaliza mkataba na anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine. Saudi Arabia ililegeza masharti yake Machi mwaka huo huo, lakini ikawaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Ndani ya nyumba hizo kanuni ndogo, kama saa za kushika simu au siku ya kutoka, zina uzito mwingine kabisa, kwa kuwa mlango wenyewe uko mkononi mwa mwajiri.

Pale ambapo mlango uko wazi, hesabu hubadilika haraka. Mfano unaotajwa sana na wanauchumi ni wa kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan. Mwaka 1913, mwaka ule ule kilipoanza kutumia mstari wa kuunganishia magari unaotembea, kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi na nafasi zao kujazwa upya kilifikia asilimia 370. Ili nafasi 100 zisibaki wazi, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 300 ndani ya mwaka. Kazi ilikuwa ya kuchosha akili, wasimamizi walikuwa wakali, na mji ulikuwa na viwanda vingine. Januari 1914 Henry Ford alitangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida. Kiwango kile kilishuka hadi asilimia 54 mwaka huo na asilimia 16 mwaka uliofuata.

Kanuni hazikupungua. Ziliongezeka. Kampuni iliunda idara iliyotuma wakaguzi majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe, anaweka akiba na anaishi kwa usafi, na asiyefaulu hakupata sehemu kubwa ya zile dola 5. Watu walivumilia kwa sababu walilipwa kuvumilia. Katika miji ya Afrika Mashariki kanuni ni za Ford, mshahara si wa Ford, na bado wengi wanabaki. Kinachowabakiza ni uhaba wa kazi nyingine, na mwajiri anayejua hivyo anaweza kuongeza masharti bila kuongeza senti.

Lakini si kila bosi anayebandika karatasi ana roho mbaya. Kanuni nyingi huzaliwa na tukio moja. Mtu mmoja aliondoka na katoni ya sabuni, tangu siku hiyo kila mtu anapekuliwa getini. Mmoja aliangusha sinia akiwa anazungumza na simu, tangu siku hiyo simu zinafungiwa kabatini. Tukio linasahaulika, aliyelisababisha aliondoka miaka mingi iliyopita, kanuni inabaki, na inayofuata inawekwa juu yake. Hakuna ofisi yenye siku ya kufuta kanuni.

Sababu ya pili ni kwamba saa ya kufika inapimika na ubora wa kazi haupimiki kirahisi. Msimamizi asiyejua kama ripoti ni nzuri anajua kama imeletwa saa mbili kamili. Siasa nayo imelipa heshima jambo hilo. Novemba 2015 Rais John Magufuli, akiwa na siku chache tu Ikulu, alitembea kwa miguu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti vitupu, na nchi nzima ikashangilia. Mwezi huo huo Paul Makonda, wakati ule Mkuu wa Wilaya ya Kinondoni, aliagiza maofisa ardhi wapatao 20 wawekwe mahabusu kwa saa sita kwa kuchelewa kikao. Wananchi waliozoea kuzungushwa kwenye madirisha ya ofisi za umma walikuwa na sababu ya kufurahi. Hata hivyo foleni ya hati za viwanja haifupishwi na ofisa kufika mapema kama mfumo wa kuzitoa ni ule ule.

Sababu ya tatu haisemwi wazi: faini ni mapato. Mwenye duka akikata elfu tano hapa na elfu kumi pale kwa wahudumu kumi na wawili, mwisho wa mwezi ameokoa mshahara wa mtu mmoja. Bandu bandu huisha gogo.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na inaingia kwa undani kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kukata mshahara isipokuwa sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mshahara, mahakama au uamuzi wa usuluhishi umesema hivyo, au mfanyakazi amekubali deni kwa maandishi. Shoti ina masharti yake: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kwa anayelipwa laki mbili, robo ni elfu hamsini. Faini ya dakika kumi haimo kabisa kwenye orodha hiyo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina mizani tofauti kidogo. Kifungu cha 19 kinaruhusu kumkata mtu ujira wa siku moja kwa siku ambayo hakuonekana kazini kutwa nzima bila ruhusa wala sababu halali, kwa hiyo aliyechelewa nusu saa hawezi kunyang'anywa siku yote. Upungufu wa fedha unaweza kukatwa kwa mtu ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, tena kama ulitokana na uzembe au udanganyifu wake. Mpanga bidhaa aliyeombwa kushika kaunta kwa saa moja wakati mwenzake amekwenda kula hayumo.

Kanuni yenyewe pia inaweza kushtakiwa. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka anayeamua mgogoro wa kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu ajiulize mambo kadhaa kwa mpangilio. Je, kuna kanuni iliyovunjwa? Ina mantiki? Iko wazi, bila utata? Mfanyakazi aliijua, au alipaswa kuijua? Mwajiri huitumia kwa wote, au humkumbuka asiyempenda tu? Na hata kama yote hayo yamethibitika, je, kumfukuza ndiyo adhabu inayostahili? Karatasi nyingi za ukutani huanguka kwenye swali la pili au la tano, kwa sababu kila mfanyakazi anamjua mwenzake anayechelewa kila siku na haguswi kwa kuwa ni mpwa wa bosi.

Tatizo ni kwamba maswali hayo huulizwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA ya midomo ya watu, na aliyeacha kazi mwenyewe anafika pale akiwa na mzigo mzito. Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri alifanya kuendelea kusiwezekane. Inamhesabu kama aliyeachishwa. Lakini zile Kanuni za 2007 zinataka awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutozitumia. Shauri la kuachishwa linatakiwa lifike Tume ndani ya siku 30. Kenya nayo ina msimamo unaofanana: katika hukumu ya mwaka 2015 iliyohusu kampuni ya Coca Cola East & Central Africa, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mfanyakazi ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa mwajiri alivunja msingi wa mkataba, kuwa uvunjaji huo ndio uliomwondoa, na kuwa hakuwa ameukubali kwa kuendelea kunyamaza. Kero kumi ndogo zisizoandikwa popote ni vigumu kuzifikisha kwenye kiwango hicho.

Hesabu ya fedha inafuata mstari huo huo. Mfanyakazi wa Tanzania aliyekaa miaka minane, mwajiri akisitisha ajira yake bila kosa la nidhamu, anadai kiinua mgongo kisichopungua siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, yaani siku 56. Akiacha mwenyewe, sheria haimpi hata siku moja. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii una fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18, lakini halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa uchache. Anayeondoka kwa staili ya saa 24 ajiandae kuona malipo ya siku hizo yakikatwa kwenye stahiki zake. Hiyo ndiyo sababu neno lile lile, kuondoka, lina bei mbili: likitamkwa na bosi, lina malipo, likitamkwa na mfanyakazi, lina makato.

Mwajiri naye hulipa, ila bili yake haiji kwa jina hilo. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman alichapisha kitabu kuhusu njia mbili za mtu asiyeridhika, kuondoka au kusema, na wazo lake lilitokana na reli ya Nigeria. Alishangaa kwamba reli ile iliendelea kuzorota ingawa malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo. Jibu alilopata ni kwamba wateja ambao wangepiga kelele zaidi ndio waliohamia kwenye malori mapema, na reli ikabaki na wasio na sauti wala chaguo. Duka lenye karatasi ukutani hupitia njia hiyo. Wa kwanza kuondoka ni muuzaji anayejua wateja kwa majina, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kupata kazi kwa jirani. Wanaobaki hawachelewi, hawashiki simu, na hawamwambii bosi kwamba bei ya sukari kwenye rafu si ile iliyo kwenye mashine. Bosi anatazama utulivu huo na kuamini kwamba kanuni zimefanya kazi.

Tanzania imewahi kuonja upande wa pili wa hoja ya Hirschman, ule wa kusema. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati ule, katika aya yake ya 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa wale wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka Dar es Salaam, mingi ikihusu matusi na ubabe wa mameneja kuliko mishahara, na mahali pengine meneja alifungiwa nje ya geti. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi wakakishika kiwanda chenyewe. Vuguvugu hilo lilizimwa walipojaribu wengine, lakini lilionyesha kwamba watu wale wale wanaoitwa wavivu wanapotoweka huweza kubaki na kubishana wakipewa maandishi ya kushikilia.

Japani imechagua njia ya kinyume. Tangu 2017, ilipoanzishwa kampuni ya Exit, kumekuwa na biashara ya kumpigia bosi simu kwa niaba ya mfanyakazi anayeona aibu au woga wa kuaga. Mteja analipa, kampuni inatoa taarifa, mtu harudi ofisini hata kuchukua vitu vyake. Sheria ya madai ya nchi hiyo inamruhusu mwenye ajira isiyo na kikomo kuacha kazi kwa notisi ya wiki mbili, lakini haki hiyo haitoshi kumpa mtu ujasiri wa kuingia chumba cha bosi.

Kwa mfanyakazi wa Tanzania au Kenya anayefikiria kuondoka, maandishi yanayoamua mambo ni machache na hayahitaji wakili. La kwanza ni barua ya malalamiko, hata ya nusu ukurasa, yenye tarehe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au picha yake kwenye simu, iliyopelekwa kabla ya kuacha. La pili ni hati ya mshahara inayoonyesha kilichokatwa. Asiye na mkataba wa maandishi hajakwama: sheria za Tanzania na Kenya zote zinasema mwajiri akishindwa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Akiondoka kwa njia yoyote, mfanyakazi anadai ujira wa siku alizofanya, likizo aliyoistahili na hakuchukua, na cheti cha utumishi.

Barua ya kuacha kazi ndiyo inayoharibu mashauri mengi. Desturi inataka mtu aandike kwamba anaondoka kwa sababu binafsi na anashukuru kwa nafasi aliyopewa, kwa kuwa kesho ataomba kwa bosi huyo huyo barua ya kumdhamini kwingine. Mwajiri huitunza barua hiyo kwenye faili, na siku ya usuluhishi ndiyo anayoitoa kwanza. Aliyekuwa ameandika sababu halisi, kwa adabu, kwa tarehe za makato na majina ya kanuni alizozilalamikia, anaketi upande wa pili wa meza akiwa na kitu cha kujibu.